Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Neno "profesa" limeingia katika lugha yetu na kukaa kama mgeni aliyeizoea nyumba. Chuoni ni cheo cha juu cha ualimu. Mitaani lina maana nyingine: huitwa profesa mtu asemaye maneno mazito kwenye baraza la bao, na mwanafunzi avaaye miwani, na hata fundi wa redio apendaye kueleza kuliko kutengeneza. Katika mzaha huo mna lawama iliyofichika. Watu wanasema, pasipo kutamka, kwamba elimu ya juu ni kitu cha kusikilizwa tu, wala si kitu cha kutegemewa.

Sisi tunaoandika haya hatukupata bahati ya kukaa katika kumbi za mihadhara. Masomo yetu yalikoma kidato cha nne, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, tumekuwa watumishi wa serikali katika masjala: kupokea barua, kufungua majalada, kuyatunza na kuhakikisha kwamba hayapotei. Mashairi tumeyatunga usiku, kazi ya mchana ikiisha. Basi hatuzungumzi juu ya uprofesa kama wenyewe. Twazungumza kama watu waliokula matunda ya mti ambao hawakuupanda, na ambao siku moja waliuliza aliyeupanda ni nani.

Mmoja wa wapandaji hao alikuwa John Crofton, profesa wa magonjwa ya mapafu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kuanzia mwaka 1952 hadi 1977. Huenda msomaji akashangaa: mganga wa Kizungu anatafuta nini katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Twajibu kwamba utamaduni hauishi katika ngoma, mavazi na misemo pekee. Utamaduni wa watu huonekana pia katika namna wanavyomhudumia mgonjwa, wanavyotimiza ahadi, na wanavyoitumia elimu waliyoipata, iwe imetoka kwao au imetoka mbali. Tena njia iliyoanzia katika wodi za Edinburgh ilifika hadi katika zahanati zetu, na baadhi ya mawe ya njia hiyo yaliwekwa na watu wa Afrika ya Mashariki wenyewe.

Crofton alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1912, akasoma Cambridge na kumalizia mafunzo ya udaktari katika hospitali ya St Thomas', London. Vita vya Pili vilipozuka aliingia jeshini, akahudumia wagonjwa katika nchi kadhaa. Vita vilipokwisha, alirudi katika nchi iliyokuwa bado inauawa na adui wa zamani, kifua kikuu.

Yafaa tukumbushane hali ilivyokuwa. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882. Kwa muda wa miaka sitini baada ya hapo, madaktari walimjua adui kwa sura, walimwona katika hadubini, wala hawakuwa na silaha ya kumuua. Mgonjwa alilazwa kitandani kwa miezi au miaka, akapewa hewa safi na chakula kizuri, na pengine pafu lake likabanwa kwa hewa ili lipumzike. Wengine walipona. Wengi walikufa, na wengi wao walikuwa vijana.

Mwaka 1943, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, ilipatikana dawa ya streptomaisini. Uingereza iliyochoshwa na vita iliweza kununua kiasi kidogo tu. Ndipo Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo lilipofanya jambo ambalo limebakia kuwa somo kwa watafiti wa dunia nzima. Kwa kuwa dawa haikuwatosha wote, wagonjwa 107 waligawanywa kwa namna ya kura, chini ya maelekezo ya mwanatakwimu Austin Bradford Hill: 55 wakapewa streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 wakapewa mapumziko pekee. Crofton, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Brompton, alikuwa miongoni mwa madaktari walioshiriki. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4, na wasiopewa walikuwa wamekufa 14. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1948, na dunia ikashangilia.

Lakini shangwe haikudumu. Wagonjwa walewale walifuatiliwa kwa miaka mitano, na ilipohesabiwa tena, kati ya wale 55 waliopewa dawa walikuwa wamekufa 32. Kati ya wale 52 wengine walikuwa wamekufa 35. Tofauti iliyokuwa kubwa kama mlima ilikuwa imebaki kichuguu. Dawa iliwaponya kwa muda, kisha vijidudu vikaizoea, na ugonjwa ukarudi ukiwa na nguvu ambayo streptomaisini haikuiweza tena.

Sababu yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa kwa hesabu. Pango moja ndani ya pafu linaweza kuwa na vijidudu milioni mia moja. Katika kila milioni moja, kwa makadirio, huzaliwa kimoja ambacho kwa maumbile yake hakidhuriki na dawa fulani. Ukitoa dawa moja, utaua karibu vyote, na mgonjwa ataona nafuu, atakula na kunenepa. Lakini vile mia vilivyosalia vitazaana, na baada ya miezi michache pafu litajaa vijidudu visivyosikia dawa. Ukitoa dawa mbili kwa pamoja, kijidudu cha kukwepa zote mbili hutokea mara moja katika milioni ya milioni, nacho aghalabu hakimo katika pango lile. Kinachoikwepa dawa ya kwanza huuawa na ya pili.

Wahenga wetu waliliona jambo hili jikoni kabla halijaonwa maabara. Jifya moja haliinjiki chungu. Chungu kikiwekwa juu ya jiwe moja kitasimama kidogo, mpishi atafurahi, kisha kitaanguka na kumwaga mboga motoni.

Jifya la pili lilikuwa dawa iitwayo PAS, iliyotokana na kazi ya Jörgen Lehmann wa Uswidi. Majaribio ya Waingereza yalithibitisha kwamba ikitolewa pamoja na streptomaisini huzuia usugu. Jifya la tatu lilikuja mwaka 1952, nalo ni izoniazidi. Mwaka huohuo Crofton, akiwa na umri wa miaka arobaini, alianza kazi ya uprofesa Edinburgh.

Kiti alichokikalia kilikuwa na heshima kubwa. Mji huo ndipo Robert Philip alipofungua zahanati ya wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1887, na ndipo alipokuwa profesa wa kwanza wa ugonjwa huo mwaka 1917. Lakini heshima haiponyi. Crofton alikuta watu wapatao 400 katika orodha ya kungojea vitanda, wakikohoa majumbani mwao kati ya watoto na jamaa. Mtu mwingine angeandika makala juu ya upungufu wa vitanda. Yeye aliwakusanya madaktari wenzake, waliokuwa wakitibu kila mmoja kwa njia yake, pamoja na wataalamu wa maabara, wakakubaliana kufuata utaratibu mmoja. Kila mgonjwa apimwe makohozi kujua vijidudu vyake vinasikia dawa zipi. Majibu yasipokuwa tayari, apewe dawa zote tatu kwa pamoja. Majibu yakija, aendelee na mbili zinazofaa, na asiachwe mpaka amemaliza muda wake, ambao uliweza kufika miezi kumi na minane.

Hakuna dawa hata moja katika hizo tatu iliyogunduliwa na Crofton. Jambo hili twaomba walimu waliweke mbele ya wanafunzi wao, kwa kuwa vijana wengi hudhani kuwa msomi mkubwa ni yule aliyegundua kitu kipya peke yake gizani. Jipya la Crofton lilikuwa ni kuviunganisha vilivyokuwapo na kutoruhusu uzembe hata kidogo. Aliamini kwamba kifua kikuu kinaweza kuponywa kabisa, si kupunguzwa tu. Na kwa kuwa aliamini hivyo, kila mgonjwa aliyeshindwa kupona alikuwa swali lililodai jibu: je, vipimo vilikosewa, dawa zilikuwa chache, au mgonjwa hakumeza?

Katika miaka mitatu tu, kati ya 1954 na 1957, idadi ya wagonjwa wapya walioandikishwa Edinburgh ilipungua kwa zaidi ya nusu. Orodha ya wangojao vitanda ilikwisha. Wako mabingwa wa nchi nyingine waliosikia habari hizo wasisadiki. Crofton na wenzake hawakujibu kwa hasira. Walishiriki kuandaa majaribio ya kimataifa, ili wenye shaka waujaribu utaratibu uleule kwa wagonjwa wao, katika hospitali zao, kwa mikono yao. Majaribio hayo yalifanywa katika nchi zaidi ya ishirini, na walioufuata utaratibu barabara walipata matokeo yaleyale. Hivyo ndivyo msomi anavyoshinda ubishi.

Sasa tuitazame njia ilivyofika kwetu. Matibabu ya Edinburgh yalikuwa marefu na ya gharama, nasi hatukuwa na fedha wala vitanda. Ilibidi watafiti wengine waichukue kazi pale ilipofikia. Huko Madras, India, majaribio yaliyoanza mwaka 1956 yalionyesha kwamba mgonjwa anayemeza dawa nyumbani, hata katika nyumba ya maskini, hupona sawa na aliyelazwa, mradi azimeze. Katika Afrika ya Mashariki walijaribu thiasetazoni, dawa ya bei nafuu, badala ya PAS. Kisha, kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishiriki katika jaribio kubwa la kuuliza: je, miezi sita yaweza kutosha? Jibu lililochapishwa mwaka 1972 lilikuwa ndiyo, endapo izoniazidi na streptomaisini zitaongezewa rifampisini au pirazinamidi.

Tunataka msomaji asimame hapa kidogo. Leo mgonjwa wa kifua kikuu wa kawaida, awe London, awe Lindi, hutibiwa kwa miezi sita au hata pungufu. Ufupi huo wa dawa ulipita kwanza katika vifua vya wakulima, wachuuzi na makuli wa nchi zetu, waliokubali kudungwa sindano, kumeza vidonge, na kurudi kila walipoitwa ili makohozi yao yapimwe. Majina yao hayamo vitabuni. Basi tusizoee kusema kwamba elimu hii ni ya Wazungu, sisi tumeletewa. Chungu hiki tulikiinjika pamoja.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na Karel Styblo, mtaalamu mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Kila wilaya ikawa na mratibu wake, hadubini ya kupimia makohozi, na rejista. Kila robo mwaka wagonjwa walihesabiwa: wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wamepotea njiani. Miaka ya 1980 ilipoingia, dawa mpya zikaanza kutolewa: miezi miwili hospitalini, na sita nyumbani. Wagonjwa wanaokaribia wanane katika kila kumi walipona, na Shirika la Afya Duniani likaufanya mfano huo kuwa mwongozo wa nchi nyingi katika miaka ya 1990.

Sisi tuliiona rejista hiyo kwa macho ya kijana. Mwaka 1985 baba yetu mdogo alianza kukohoa. Majirani walisema mambo mawili, ambayo yote yalikuwa mabaya: kwamba amerogwa, na kwamba ataambukiza ukoo mzima. Kikombe chake kikawekwa peke yake juu ya dirisha. Alipelekwa hospitali ya wilaya, makohozi yakaonekana kuwa na vijidudu, akalazwa miezi miwili ya sindano na vidonge. Aliporudi tulimsahau yule aliyeondoka. Alikuwa amenenepa, anacheka, na wiki ya pili alishika jembe. Alikuwa na kadi na pakiti za vidonge vya miezi iliyobaki.

Mwezi wa nne akachoka. Vidonge vilimchafua tumbo, na zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu. Baba yetu alipogundua kuwa pakiti haipungui, hakumgombeza mdogo wake mbele ya watu. Alituita sisi, tuliokuwa na miaka kumi na minne, akatukabidhi kazi: kila jioni baada ya chakula tumpelekee Baba Mdogo maji na vidonge, na tusiondoke mpaka tumeona amemeza.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Dawa."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi ni mzima sasa. Dawa ni ya mgonjwa."

Hatukuwa na jibu, na heshima haikuturuhusu kubishana. Baba alijibu kutoka kibarazani: "Mzima ni aliyemaliza."

Alimaliza. Kadi yake ilijaa alama, makohozi yakapimwa tena yakawa safi, na kikombe kikarudi kabatini pamoja na vikombe vingine. Aliishi miaka mingine ishirini na sita, akasomesha watoto wanne. Tulipoajiriwa masjala, wenzetu wengi waliiona kazi ya majalada kuwa ya chini. Sisi hatukuweza kuiona hivyo. Tulikuwa tumekwisha kujua kwamba jina lililoandikwa vizuri katika rejista, likifuatwa na mtu mwenye kujali, laweza kuwa ndiyo tofauti baina ya mtoto mwenye baba na yatima.

Vita hivyo havijaisha. Ukimwi ulipoenea, kinga za watu zilidhoofika, na wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa Tanzania wakaongezeka kutoka karibu 12,000 mwaka 1983 hadi zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Usugu nao ukatufikia. Mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuwatibu wagonjwa ambao vijidudu vyao havisikii izoniazidi wala rifampisini. Kila mgonjwa wa namna hiyo hutukumbusha wale 32 wa jaribio la streptomaisini. Hata hivyo tunaendelea na desturi ya nusu dozi: mtu akipata nafuu huweka vidonge kwenye kabati kwa ajili ya siku nyingine, mwingine huingia duka la dawa kununua vidonge vitatu kwa kuwa fedha yake ndiyo inayotosha vitatu. Tunakiondoa chungu kabla hakijaiva, kisha tunasema kuni ni mbaya.

Turudi kwa profesa, maana kazi yake haikukoma alipostaafu mwaka 1977. Alikuwa amekwisha kuona kwamba kifua kikuu kinarudi nyuma Uskoti huku saratani ya mapafu ikisonga mbele. Utafiti wa Doll na Bradford Hill wa mwaka 1950, huyu Hill ndiye yule wa streptomaisini, ulikuwa umeihusisha saratani hiyo na sigara. Mwaka 1973 ilianzishwa jumuiya ya kupinga uvutaji Uskoti, na mkewe, Eileen, naye daktari, akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Wazee hao wawili walisema jambo lilelile kwa miongo mitatu, mbele ya mawaziri, matajiri na wavutaji. Tarehe 26 Machi 2006 uvutaji ulipigwa marufuku katika majengo ya umma ya Uskoti, na Crofton alikuwa hai kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 97.

Kuna kazi yake nyingine tunayoiheshimu kuliko zote. Mwaka 1969 aliandika, pamoja na Andrew Douglas, kitabu kikubwa cha magonjwa ya mapafu kwa ajili ya madaktari. Mwaka 1992, akiwa na miaka themanini, alitoa pamoja na wenzake kitabu kingine, kidogo, chenye maneno mepesi, kwa ajili ya madaktari na wauguzi wanaofanya kazi peke yao mahali pasipo mtaalamu wa kumwuliza. Kitabu hicho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mtu aliyefika kileleni alishuka tena bondeni ili aseme na muuguzi kwa lugha ya muuguzi.

Hapo ndipo tunapowaomba wasomi wetu wapime kazi zao. Lugha ya Kiswahili inaweza kulibeba jambo hili. Makala haya yameeleza usugu wa dawa kwa chungu na mafya, wala hakuna kilichopotea. Msomi akiona haya kuieleza elimu yake kwa lugha ya shangazi yake, basi ile dhihaka ya barazani imempata kwa haki.

Nanyi walimu, somo hili msilifungie katika kipindi cha baiolojia. Wapeni wanafunzi wenu hesabu ya milioni mia moja, waifanye kwa kalamu zao mpaka ile mia iliyosalia iwatishe. Kisha waulizeni ni nani nyumbani kwao ana pakiti ya dawa ambayo haijakwisha. Wakiikuta, wafanye kama tulivyofundishwa: waamkie kwa adabu, wapeleke maji, wakae hapohapo mpaka aliye mgonjwa amemeza. Mwenye kugundua dawa, mwenye kuitoa, na mwenye kuhakikisha kuwa imemezwa, wote watatu ni mafya. La tatu laweza kuwa mtoto wa miaka kumi na minne.